Machano Anajifunza Kulea

Mashavu Ubwa alikuwa na nyumba kumi na nne za kutembelea katika mitaa ya Kokoni na Mlandege, na kila moja aliijua kwa idadi ya ngazi zake. Ilikuwapo ya ngazi kumi na moja, ilikuwapo ya ishirini na tatu, na ilikuwapo moja, nyumba ya zamani ya wakfu, yenye ngazi thelathini na nane zilizosimama wima hata mtu mnene hulazimika kupanda ubavu. Magoti yake yalikuwa na miaka hamsini na mbili kama yeye mwenyewe, na hiyo nyumba ya wakfu alikuwa akiiweka mwisho, ili akimaliza aende kwake kulala kidogo.

Hakuzaliwa mjini. Alizaliwa Kizimbani, ambako baba yake alikuwa kibarua katika shamba la serikali la karafuu na viungo, na mpaka leo ukimpa kijiti cha mdalasini atakinusa tu na kukwambia kimekauka juani au kimekaukia ndani ya gunia. Alisoma mpaka kidato cha pili. Akaolewa na Abdulwahid, karani wa bandarini, akaletwa mjini, akazaa watoto wanne, akawalea, wakakua na kuondoka mmoja mmoja. Nyumba ikabaki kimya. Ndipo sheha, mkuu wa mtaa, alipotafuta mwanamke wa kujitolea kwa kazi ya afya mitaani: awe anajua kusoma na kuandika, na awe si mtu wa kuyachota ya nyumba hii na kuyamwaga nyumba ile. Watu watatu, bila ya kushauriana, walimtaja Mashavu.

Alipelekwa mafunzo, akarudi na mkoba wa bluu, utepe wa kupimia mkono wa mtoto, na simu ya kazi iliyojaa maswali. Kazi yenyewe ilikuwa kumfuata mama tangu akiwa na mimba mpaka mtoto atimize miaka mitano: kumuuliza, kumsikiliza, kumwelekeza, na kumpeleka kituoni panapotokea jambo. Hakuwa nesi wala daktari. Dawa aliyoichukua mkobani ilikuwa pakiti chache za chumvi ya kuchanganya na maji kwa mtoto anayeharisha. Kikubwa alichokuwa nacho ni kwamba akipiga hodi, watu humfungulia.

Katika ile nyumba ya ngazi thelathini na nane, ghorofa ya pili, alikuwa akiishi Yusra na mumewe Machano. Machano alikuwa fundi charahani, akishona kanzu kwenye baraza ya duka moja pale Mlandege, mtu mrefu mwenye maneno machache, na watu walikuwa wakisema kola ya kanzu akiishona yeye huhitaji kuitengeneza tena shingoni. Yusra alikuwa mtu wa Nungwi, mcheshi, na kila Mashavu alipofika akihema, humkuta keshamtilia maji kwenye gilasi.

"Bi Mashavu, mimi nikizaa nitahama hapa," alikuwa akimwambia. "Si kwa ajili yangu, kwa ajili ya magoti yako."

Mashavu alimtembelea mara tano. Mara ya tano, mimba ikiwa imetimia miezi minane na siku, alimkuta amevimba uso na miguu, na kichwa kinamgonga. Hakungoja kumaliza maswali. Alimwita Machano kutoka Mlandege, wakamteremsha Yusra ngazi moja baada ya moja, wakampeleka hospitali saa ile ile. Alipasuliwa, akatolewa mtoto wa kike wa kilo mbili na robo. Mtoto alikuwa mzima. Mama hakuinuka. Madaktari walifanya kila walichoweza, na siku ya sita Yusra akafariki.

Mashavu alipata habari akiwa jikoni kwake. Jioni alifungua simu ya kazi, kwa sababu ndiyo taratibu, akatafuta jina la Yusra. Simu ikamuuliza kama mama yuko hai. Akabonyeza hapana. Faili lote likajifunga, na maswali yote aliyokuwa amuulize Yusra wiki hiyo, analala vipi, anakula nini, maziwa yanatoka au hayatoki, yakapotea. Alikaa kitandani na simu mkononi mpaka skrini ilipozimika.

Siku ya tatu ya msiba alikwenda tena, kutoa mkono wa pole na kumtazama mtoto. Juu kulikuwa na wanawake peke yao. Katikati yao alikuwa amekaa Bi Salhiya, mama yake Yusra, mwanamke mwembamba, mjukuu amemlaza mapajani. Alikuwa ameshafunga kifurushi cha nguo za mtoto.

"Kesho nnarudi Nungwi," alimwambia Mashavu. "Nnakwenda na mjukuu wangu. Nionyeshe hayo maziwa ya kopo yanavyochanganywa."

Hakukuwa na aliyepinga. Mtoto akifiwa na mama yake, bibi mzaa mama ndiye wa mwanzo wa kumlea. Hiyo ni sheria na hiyo ni ada. Mama wa kumnyonyesha hakupatikana, si Nungwi wala mjini, kwa hivyo maziwa ya kopo yangekuwa yale yale popote. Mashavu naye, moyoni, aliona ndivyo. Aliona pia, ingawa hakumwambia mtu, kwamba mtoto akihamia Nungwi atakuwa katika orodha ya mhudumu mwengine, na yeye hatapanda tena zile ngazi na kuufikia mlango ule.

Basi alikuwa anamuelekeza Bi Salhiya vijiko na vipimo, aliposikia hodi. Machano alikuwa amesimama kizingitini, kofia mkononi. Wanawake wakajitanda vizuri.

"Mama," alimwambia mkwewe, "mtoto ni haki yako na mimi sibishani. Nakuomba kitu kimoja. Niachie mpaka arobaini ya Yusra. Nikishindwa, nitamleta Nungwi mwenyewe, kwa mikono yangu."

Bi Salhiya alimtazama kwa muda. "Utamlea na nini, mwanangu? Wewe mtoto hata kumbeba hujawahi."

"Nitafundishwa," Machano alisema. Akamgeukia Mashavu, na macho yake yalikuwa mekundu. "Bi Mashavu, si ndiyo kazi yako?"

Mashavu hakuwa tayari kwa swali hilo. Katika miaka yote ya kazi hakuna mwanamme aliyewahi kumuuliza kitu. Wengi wakimwona na mkoba wake walikuwa wakivaa viatu na kutoka.

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo kazi yangu."

Bi Salhiya hakuwa na nguvu za kushindana siku ile. Alikifungua kifurushi, akazirudisha nguo za mtoto kwenye beseni moja baada ya moja, akisema kwamba arobaini si mbali.

Usiku ule wakati wa kula, Abdulwahid alimuuliza mkewe mbona hasemi.

"Kesho nnakwenda kumfundisha mwanamme kukosha mtoto," Mashavu alijibu.

Abdulwahid aliuweka mkate chini. "Mwanamme gani?"

"Machano, fundi wa kanzu. Mfiwa."

"Na hana dada? Hana shangazi?"

"Anaye dada, yuko Pemba na watoto sita. Baba Haitham, wewe uliwahi kumkosha hata mmoja katika wanne wetu?"

"Ulikuwapo wewe," alisema Abdulwahid. Akafikiri kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na ungelikuwa hukuwapo, sijui ningelifanyaje." Akaendelea kula.

Ili watu wasipate la kusema, Mashavu alipanga na Bi Mize, mzee aliyekaa ghorofa ya chini, awe anapanda naye na kukaa mlangoni, na mlango uwe wazi. Bi Mize alikubali kwa furaha. Alikuja na ungo wake wa mchele wa kuchagua, akakaa ngazi ya juu kabisa, na kila Machano alipokosea alikuwa akiguna.

Siku ya kwanza ya kukosha, mikono iliyozoea kutia uzi kwenye sindano bila ya miwani haikujua pa kushika. Machano alimshika mtoto kama mtu anayeshika trei iliyojaa vikombe. Mashavu alimfundisha kuweka kiwiko majini kwanza kupima joto, kukilaza kichwa cha mtoto kwenye kigasha cha mkono, kuanza na uso na kumalizia chini. Mtoto alilia mpaka akawa mwekundu.

"Nnamuumiza," Machano alisema.

"Humuumizi. Anasikia baridi. Mkaze mkono kidogo, ajue umemshika."

Alipomkaza, mtoto akanyamaza. Bi Mize, kule ngazini, hakuguna.

Machano alimpa mtoto jina Mardhiya, jina alilolichagua Yusra. Na kwa kujifunza, Machano alikuwa hodari kuliko kina mama wengi ambao Mashavu amewahi kuwafundisha, kwa sababu hakujifanya anajua. Aliuliza kila kitu. Aliuliza kitovu kinaanguka lini, mtoto hupiga chafya kwa nini, choo cha manjano ni kizuri au kibaya. Mawinda, nepi za kitambaa, aliyashona mwenyewe kwa mabaki ya vitambaa vya kanzu, akayapinda pindo nyembamba isimkwaruze mtoto, na kwenye kamba pale dirishani yalikuwa yakianikwa meupe, yote sawasawa, hata wapita njia wakidhani ni vitambaa vya hoteli. Charahani aliipandisha chumbani kwa msaada wa wenzake wawili, akawa anashona nyumbani. Mtoto alizoea mlio wake. Charahani ikinyamaza, yeye huamka.

Maziwa Mashavu alimfundisha kwa uangalifu mkubwa. Chupa ya nyonyo aliikataza kwa kuwa ni ngumu kusafika; atumie kikombe kidogo na kijiko. Maji yachemke mpaka yatokote. Vijiko vya unga visawazishwe kwa kisu. Na akamwambia, kama alivyozoea kuwaambia kina mama, "Usimpe ya baridi, yatamsokota tumbo. Yawe ya vuguvugu wakati wote."

Wiki mbili za mwanzo alikuwa akienda kila siku ya pili. Mtoto aliongezeka uzito, si kwa haraka, lakini aliongezeka. Kisha yakaja mengine. Katika nyumba ya ngazi kumi na moja mapacha walipata homa, na mama mmoja Mlandege alikuwa akikaribia kujifungua. Magoti nayo yakamuuma. Siku ya Jumanne, Mashavu alisimama chini ya dirisha la Machano, akaita.

"Machano!"

"Naam, Bi Mashavu!" Kichwa kilichomoza kati ya mawinda.

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo, kalala."

"Maziwa unayachanganya kama nilivyokuonesha?"

"Kama ulivyonionesha."

Mashavu akatoa simu, akafungua faili la mtoto, akabonyeza ndiyo, akaenda zake. Jumanne iliyofuata alifanya vile vile.

Ijumaa asubuhi, kabla hajamaliza kufagia uwanja wake, Bi Mize alifika mlangoni kwake. Mzee huyo alikuwa hatoki mbali siku hizi, na kumwona pale tu kulimfanya Mashavu aliache fagio.

"Njoo umtazame mtoto," Bi Mize alisema. "Anaharisha tangu jana mchana. Na sasa halii."

Zile ngazi thelathini na nane Mashavu hakuzihesabu siku ile. Alimkuta Machano amekaa chini, mtoto kifuani. Mardhiya alikuwa na macho yaliyoingia ndani, na utosi wake umebonyea kama alama ya kidole kwenye unga. Mashavu alimfinya ngozi ya tumbo polepole, ikakawia kurudi. Kinywa kilikuwa kikavu.

"Tunaondoka sasa hivi," alisema. "Mfunike."

Alipoinama kuchukua kikombe ili amtie mtoto matone ya maji ya chumvi njiani, aliiona chupa ya chai, ile ya kuhifadhia moto, iko chini ya meza ya charahani. Aliifungua. Harufu ya uchachu ilimpanda puani.

"Hii nini, Machano?"

"Maziwa yake. Nnayachanganya asubuhi, nnayatia humo, nnampa mpaka jioni. Nikisimama kila mara kuchemsha maji, kazi za watu hazendi." Alimtazama. "Ulisema yawe ya vuguvugu wakati wote. Humo hayapoi."

Mashavu aliifunga chupa, akatangulia kushuka. Machano alishuka nyuma yake na mtoto, haraka lakini bila ya kukosea hata ngazi moja.

Mardhiya alilazwa siku nne. Walimtundikia maji. Wodini walikuwa kina mama peke yao, na Machano aliruhusiwa kuingia kwa vipindi tu, kwa hivyo Mashavu ndiye aliyekaa kitandani na mtoto, na Machano akawa kwenye benchi la nje chini ya dirisha. Kila baada ya muda alikuwa akisimama, akichungulia, akiuliza kwa ishara. Mashavu alimjibu kwa ishara. Kina mama wa vitanda vya jirani wakamuuliza yule ni nani, na Mashavu alipowaeleza, mmoja wao alitoka kumpelekea chai.

Katika siku zile nne Mashavu alikuwa na nafasi ya kutosha ya kujitazama. Alijua kwamba maneno ni yake, mtu hakuyabuni. Alijua pia kwamba angelipanda ngazi ile Jumanne ya kwanza, angeliiona chupa. Alikuwa amebonyeza ndiyo akiwa amesimama barabarani.

Bi Salhiya alifika kutoka Nungwi siku ya pili. Hakumgombeza mtu. Alimgusa mjukuu wake miguu, mikono, paji la uso, kisha akatoka nje kwa Machano. Mashavu aliwasikia kupitia dirishani.

"Imekuwaje?"

"Maziwa yaliharibika, mama. Nilikosea mimi."

Mashavu, akiwa amekaa ndani ya wodi, alingoja aseme lililobaki, kwamba ni mhudumu aliyemwambia yawe ya vuguvugu. Hakulisema.

Siku mtoto alipotolewa hospitali, walirudi wote nyumba ya wakfu. Bi Mize alipanda na ungo wake, ingawa hakuchagua mchele. Bi Salhiya alikaa kwenye ukingo wa kitanda, Mardhiya amelala ubavuni pake, akamwita Mashavu akae mbele yake.

"Wewe umesomeshwa mambo haya," alisema. "Mimi nimeshazika mwana, mjukuu sitaki kumzika. Nambie kweli mbele yake. Huyu anaweza kulea, au hawezi?"

Machano alikuwa amesimama karibu na charahani, anatazama sakafu. Mashavu aliona jinsi ilivyokuwa rahisi. Angelisema hawezi, mambo yangeliishia pale, mtoto angelikwenda Nungwi, na jina lake yeye Mashavu lingelibaki safi katika mitaa yote miwili.

"Bi Salhiya," alisema, "kabla hujanisikiliza, jua kwamba kosa si lake peke yake. Mimi ndiye niliyemwambia maziwa yawe ya vuguvugu siku nzima. Sikumwambia kwamba yaliyochanganywa hayawekwi, kila mara yafanywe mapya. Akayaweka kwenye chupa ya chai ili anitii mimi. Na wiki mbili sikupanda kutazama. Nilimuuliza kutoka barabarani, nikaandika kwamba mambo ni mazuri."

Bi Salhiya alimtazama bila ya kupepesa. "Umeandika bila ya kuona."

"Nimeandika bila ya kuona."

"Mtoto wa watu."

"Ndiyo, bibi."

Mashavu alidhani atafukuzwa, na alikuwa tayari. Bi Salhiya aligeuka akamtazama Machano, tena kwa muda mrefu zaidi. "Na wewe ulilijua hilo pale hospitali?"

"Nililijua, mama."

"Mbona hukulisema?"

Machano aliinua uso kuelekea ngazini. "Bi Mashavu ndiye aliyemteremsha Yusra ngazi hizi," alisema. "Alimshika mkono mpaka chini. Sikuweza kumsema."

Bi Salhiya aliinamisha kichwa. Mabega yakamtikisika, na kwa mara ya kwanza tangu msiba, Mashavu alimwona akilia. Hakuna aliyemgusa. Bi Mize kule mlangoni alijifuta macho kwa pembe ya kanga. Alipokwisha kulia, Bi Salhiya alijipangusa uso, akakaa sawa.

"Hebu fanya hayo maziwa, nione," alimwambia Machano.

Akafanya. Mashavu safari hii alikaa kando, akatazama kila hatua: sabuni mikononi, maji yakitokota, kikombe na kijiko vikichemshwa, unga ukisawazishwa kwa ncha ya kisu. Akamwelekeza jambo moja tu, namna ya kukitia kikombe ndani ya bakuli la maji ya baridi ili maziwa yapungue moto upesi. Mardhiya aliamka, akanywa karibu kikombe chote, na kilichobakia chini kidogo Machano akakimwaga.

"Mbona unamwaga?" Bi Salhiya aliuliza.

"Hayawekwi, mama."

"Basi," Bi Salhiya alisema. "Leo sisemi kitu. Nitakaa mpaka arobaini."

Asubuhi iliyofuata Mashavu alikwenda kituoni kwa nesi Maryam, msimamizi wa wahudumu wote wa mitaa ile, akamweleza kila kitu tangu mwanzo. Alikuwa amechukua mkoba na simu, kama atatakiwa kuvirudisha. Nesi Maryam, ambaye kwa umri angeliweza kuwa mwanawe, alimsikiliza mpaka mwisho na alikasirika kwelikweli. Alimwambia kwamba mtoto wa wiki tano anayeharisha anaweza kuondoka kwa siku moja, na Mashavu akajibu kwamba analijua hilo. Zile ndiyo mbili wakazisahihisha kwenye kumbukumbu. Mkoba hakupokonywa. Akaambiwa aje Alhamisi, mbele ya wahudumu wenzake, ayaeleze yote kama alivyoyaeleza pale, chupa ya chai na yote. Hilo lilimwia zito kuliko kupokonywa. Lakini alikwenda, na katika wenzake wanane waliokuwapo, watatu walikiri kwamba nao huuliza kutoka barabarani.

Bi Salhiya alikaa. Mwanzoni alikuwa akimfuata Machano nyuma nyuma, akinusa vikombe, akikunjua mawinda kutazama kama yamekauka. Kisha akaacha kufuata. Siku moja Mashavu alipopanda alimkuta amekaa peke yake ngazini pahala pa Bi Mize, akisikiliza. Ndani, charahani ilikuwa ikilia, na Machano alikuwa akimzungumzisha mtoto.

"Mama yako alikuwa akipenda pweza wa nazi," alikuwa akisema. "Akimpika, nyumba hii nzima inajua. Na alikuwa hajui kushona hata kifungo. Mke wa fundi, hajui kifungo."

Bi Salhiya alimwashiria Mashavu akae. Wakakaa bega kwa bega.

"Kila siku humsimulia," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi kule nyumbani siwezi hata kulitaja jina lake. Nikilitaja, koo linafunga. Nilikuwa nnamtaka huyu mtoto ili niwe na kitu cha Yusra ndani ya nyumba." Alisikiliza kidogo sauti ya ndani. "Lakini nyumbani kwangu asingelisikia habari za mama yake. Angelimsikia bibi yake analia tu."

Mashavu aliufungua mkono wake, na Bi Salhiya akauweka wake juu yake.

Hitma ya arobaini ilisomwa pale pale chini, kwenye ukumbi wa nyumba ya wakfu. Watu walipoondoka, Bi Salhiya alimwita Machano mbele ya jamaa wa pande zote mbili. Alisema kwamba mtoto ni haki yake na hajaiacha. Ila anamuazima baba yake. Kila Ijumaa ya pili aletwe Nungwi, alale siku mbili, amjue bibi yake na amzoee. Na siku Machano atakapooa, wakae tena wazungumze. Machano alisema naam kwa kila neno. Kisha akambusu mkwewe mkono.

Mardhiya sasa ana mwaka na miezi mitatu. Anatembea kwa kushikilia mguu wa meza ya charahani, na Machano ameweka kijilango cha mbao juu ya ngazi asije akaporomoka. Ijumaa za Nungwi hazijawahi kukosekana, isipokuwa moja ya mafuriko ya masika, na Bi Salhiya huleta malalamiko kwamba mtoto akifika kwake hautaki uji wa bibi, anataka wa baba. Pale Mlandege, wenzake Machano walimtania miezi ya mwanzo, wakimwita mama Mardhiya. Mmoja wao mkewe alipojifungua na kulazwa muda mrefu, ni Machano aliyefuatwa, na alikwenda, akakaa na yule bwana jioni nzima akimwonesha namna ya kufunga winda.

Mashavu bado ana nyumba kumi na nne. Anafunga magoti kwa bandeji ya mpira, na hupumzika kila ngazi ya kumi. Akifika juu haulizi kwanza. Huomba aoneshwe: nionyeshe kikombe chake, nionyeshe maji yanapowekwa, nifanyie kama unavyofanya nikiwa sipo. Wapo wanaokereka. Wiki iliyopita mama mmoja kijana alimuuliza kama hamwamini.

"Nakuamini, mwanangu," Mashavu alimwambia, akivuta kigoda na kukaa. "Ila nimeshapanda, na sina haraka. Chemsha maji tuone."